Taa Nyekundu ya Oili: Maana Yake, na Namna ya Kutafuta Ila ya Injini

Karatasi hii yawahusu wakulima wenye gari la kupelekea mazao sokoni, ama liwe mali ya mtu mmoja, ama limenunuliwa kwa shirika na ndugu au majirani. Mbele ya dereva, penye saa za kuonyesha mwendo na mafuta, ipo taa ndogo nyekundu yenye sura ya birika la mdomo mrefu linalodondosha tone. Hiyo ndiyo taa ya oili. Ikiwaka huku injini inanguruma, yakupasa usimamishe gari na kuzima injini. Si baada ya kufika sokoni, wala si baada ya kufika kijiji cha mbele penye fundi, bali hapo hapo.

Wako watakaosema kwamba shauri hili ni kali mno, maana gari huendelea kwenda vizuri taa ikiwa imewaka, na dereva hasikii tofauti yo yote. Ndiyo maana injini nyingi hufa. Kwa hiyo yafaa kwanza kueleza kazi ya oili, ili msomaji aone mwenyewe sababu ya ukali huu.

KAZI YA OILI NA KAZI YA TAA

Ndani ya injini chuma huzunguka karibu sana na chuma. Mhimili mkubwa uitwao krenki hushikwa na vipande vyembamba vilivyopindwa, vyenye uso wa madini laini, ambavyo mafundi huviita beringi. Kati ya krenki na beringi pana nafasi nyembamba kuliko unywele wa kichwa, na nafasi hiyo hujazwa oili inayosukumwa na pampu. Mradi oili inafika kwa nguvu, krenki haigusi beringi. Huelea juu ya oili kama mtumbwi uelevyo majini. Oili ikikosa nguvu, mtumbwi hukwama. Chuma hukwaruza chuma, hupata moto, na ule uso laini wa beringi huchubuka, hata mwisho beringi hushikamana na krenki na injini ikasimama. Jambo hili halihitaji siku nzima. Gari likiwa na mzigo, dakika chache zatosha.

Mkulima aliyezoea bomba la mgongoni la kupulizia dawa anaijua tayari hali hii. Bomba likikosa nguvu, hudhani mara moja kwamba dawa imekwisha. Pengine ni kweli. Lakini pengine dawa ipo tele na chujio la chini limezibwa na takataka. Pengine mpira wa pampu umelika. Pengine tundu la pua limepanuka kwa kutumika miaka mingi, na dawa yatoka ovyo ovyo bila nguvu, ijapokuwa pampu ni nzima. Injini nayo ni vivyo hivyo. Ina hodhi yake chini, iitwayo sampo, ina chujio ndani ya sampo, ina pampu, na badala ya tundu moja la pua ina nafasi nyingi za beringi ambamo oili hupenya. Nafasi hizo zikipanuka, nguvu hushuka.

Basi jambo la kushika sana ni hili: taa haipimi wingi wa oili, bali nguvu yake, ambayo mafundi huiita presha. Gari laweza kuwa na oili pungufu na taa isiwake, na laweza kuwa na oili iliyojaa kabisa na taa ikawaka. Tena taa hii si mjumbe anayekuja mapema. Injini nzima ikiwa mwendoni aghalabu huwa na presha ya ratili 30 mpaka 60 kwa inchi mraba, yaani zile zile PSI zilizoandikwa kwenye saa ya kupimia upepo wa matairi. Katika magari mengi taa huwaka presha ikiwa imekwisha kushuka mpaka ratili 4 hadi 7 hivi. Kwa hiyo uionapo njiani, fahamu ya kuwa karibu nguvu yote imekwisha kupotea.

Mwaka mmoja nilipanda gari lililokuwa likishuka kutoka Mgeta, katika milima ya Uluguru, likiwa na mzigo wa kabichi za kupelekwa Morogoro. Kila tulipoingia kona, taa ya oili ilimetameta. Tulipofika palipo sawa ilizima. Nilipomwuliza dereva alinijibu, “Ni waya tu huo, mzee. Ungekuwa ubovu wa kweli ungezima wenyewe?” Kabla hatujafika mjini tulisikia mgongo kama wa nyundo, kisha injini ikakaza. Kabichi ziliuzwa kando ya njia kwa bei wapendayo wapitao, gari likavutwa kwa kamba, na krenki ikabidi kuchongwa upya. Mwenye gari aliuza ng’ombe wawili. Kijiti cha kupimia kilipochomolewa, ncha yake ilikuwa kavu.

Taa inayowaka kwenye kona na miinuko na kuzima penye tambarare si waya. Oili ikiwa chache, gari linapoinama oili yote hukimbilia upande mmoja wa sampo, na chujio hunyonya hewa. Likikaa sawa, oili hurudi na taa huzima. Hiyo ndiyo dalili ya upungufu iliyo wazi kuliko zote, na ndiyo inayowadanganya watu wengi kuliko zote.

TAA IKIWAKA NJIANI

Ondoa mguu kwenye mafuta, tafuta ukingo wa njia ulio salama, simama, kisha zima injini. Ukiwa mteremkoni na mzigo, usizime kabla ya kusimama, maana breki na usukani wa magari mengi husaidiwa na injini, na injini ikizimika huwa vizito ghafula. Wala usitoe gia ili gari litiririke.

Ngoja muda wa dakika 10 hivi, oili ipate kushuka katika sampo. Gari na liwe mahali tambarare. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa, kirudishe mpaka mwisho, kisha chomoa tena na utazame. Kijiti kina alama mbili; oili na iwe kati ya hizo mbili, na heri iwe karibu na ile ya juu. Katika magari madogo mengi tofauti ya alama hizo ni kadiri ya lita moja. Ikiwa oili ni chini ya alama ya chini, ongeza kidogo kidogo huku ukipima. Usipite alama ya juu kwa kudhani kwamba unaitendea injini wema. Oili ikizidi sana, krenki huipiga hata ikawa povu, na povu halishiki nguvu.

Ukikosa oili ya aina ile uliyozoea, oili yo yote ya injini ni afadhali kuliko upungufu, mradi uibadilishe ufikapo. Lakini mafuta ya kupikia na mafuta ya breki usiyatie kabisa.

Baada ya kuongeza, washa injini na uitazame taa. Ikizima katika sekunde chache, na injini haina mgongo, waweza kwenda polepole hali ukiitazama. Lakini kazi haijaisha. Oili haipotei bure: ama inavuja, nawe utaona matone chini ya gari au unyevu kando ya injini, ama inaungua, nawe utaona moshi wa rangi ya samawati ukitoka nyuma. Ikiwa taa haikuzima, au ukisikia ule mgongo mzito unaoongezeka kadiri unavyokanyaga mafuta, zima na usiwashe tena. Livutwe. Gharama ya kulivuta ni ndogo ukilinganisha na ya kuchonga krenki.

Wakati ule kijiti kimo mkononi mwako, itazame oili yenyewe. Oili nyeusi si ajabu, hasa katika gari la dizeli. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji ndani yake, na aghalabu maji hayo yametoka katika radieta kwa njia ya gasketi iliyoungua. Gari la namna hiyo lisiende kokote. Oili nyepesi inayonuka petroli au dizeli imechanganyika na mafuta ya kuendeshea, nayo haiwezi kushika nguvu hata ikijaa mpaka juu ya kijiti. Naam, wengine huona kijiti kikionyesha oili inazidi siku hata siku, wakafurahi. Huo si muujiza, ni mafuta ya kuendeshea yanayopenya.

OILI IMEJAA NA TAA YAWAKA

Hapa ndipo penye hatari ya kubahatisha. Fundi mmoja atasema ni taa, mwingine atasema ni pampu, na wa tatu atataka injini ifunguliwe yote. Usikubali neno la mmoja wao kabla ya kupima.

Anza na taa, kwa kuwa haikugharimu kitu. Kando ya injini, mara nyingi karibu na filta, ipo swichi ndogo iliyokazwa kwa nyuzi, yenye waya mmoja. Fungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa na iwake. Sasa vuta ule waya utoke kwenye swichi, na usiuache uguse chuma. Katika magari mengi taa yapasa kuzima. Isipozima, waya umechubuka mahali fulani na unagusa mwili wa gari. Tafuta mahali hapo uufunge. Ikizima, waya ni mzima, na sasa shaka ni baina ya swichi na injini yenyewe. (Magari mapya yanayoendeshwa kwa kompyuta hayafuati desturi hii sawasawa, kwa hayo ufuate kitabu cha gari.)

Swichi huharibika, hilo ni kweli. Ikiwa imelowa oili penye plagi yake, imekwisha kufa, na kuibadilisha ni kazi ya nusu saa. Lakini nimeona watu wakinunua swichi ya pili na ya tatu, na taa ingali inawaka, kwa kuwa swichi ya kwanza ilikuwa inasema kweli.

Dawa ya ubishi huu ni saa ya kupimia presha ya oili. Fundi mwenye vyombo kamili anayo. Vyama vya wakulima wenye magari kadhaa vyafaa kununua moja. Swichi hufunguliwa, na mpira wa saa hukazwa mahali pake. Nyuzi za saa na ziwe sawa na nyuzi za swichi. Zisipoingia kwa mkono usizilazimishe kwa spana, usije ukapasua mahali penyewe. Kisha injini iwashwe. Mshale usipopanda katika sekunde 10, zima. Ukipanda, iache injini ipate moto kamili, ndipo usome, maana presha ya injini baridi humdanganya mtu: oili baridi ni nzito, na kila injini huonekana nzima asubuhi.

Kitabu cha gari ndicho kinachotoa hesabu iliyo sahihi. Usipokuwa nacho, mafundi wengi hufuata kanuni ya ratili 10 kwa kila mizunguko 1000 ya injini kwa dakika. Injini yenye moto inayonguruma polepole ikiwa na ratili 10 au zaidi, na ikapanda kufika 30 au zaidi ukiizungusha mara 3000, haina neno, na kosa ni la swichi.

Ikiwa presha ni ndogo tangu baridi mpaka moto, na haipandi sana ukikanyaga mafuta, itazame kwanza sampo kutoka chini. Njia zetu za mashambani zina mawe, na jiwe moja latosha kuipondea sampo ndani hata ikakaribia chujio na kuliziba. Ikiwa sampo haikupondeka, huenda chujio limejaa masizi mazito kama ugali mweusi, jambo linalowapata wale wanaokaa na oili moja mwaka mzima. Au huenda vali ndogo ya kupunguza presha imekwama wazi kwa uchafu. Au pampu imelika. Haya yote hutazamwa kwa kufungua sampo, na katika magari mengi kazi hiyo haihitaji kuitoa injini. Yeyote aingiaye chini ya gari na aweke magogo imara au stendi za chuma chini yake. Jeki peke yake si ya kutumainiwa.

Ikiwa presha ni njema wakati wa baridi, kisha yashuka sana injini inapopata moto, na taa huwaka ukisimama sokoni lakini huzima ukikanyaga mafuta, basi ni moja katika mambo mawili: ama oili ni nyepesi isiyofaa au imechakaa, ama beringi zimelika. La kwanza ni rahisi, la pili ni ghali. Kwa hiyo anza na la kwanza. Mwaga oili yote, tia filta mpya na oili ya namba iliyoandikwa katika kitabu, kisha pima tena. Presha ikirudi, umepona kwa gharama ndogo. Isiporudi, beringi zifunguliwe zikaguliwe kabla krenki haijaumia. Beringi zikibadilishwa mapema pengine krenki hubaki nzima. Zikiachwa, vyote viwili huharibika.

Fundi mmoja aliwahi kumwambia jirani yangu atie oili nzito sana ili taa izime. Ilizima, kwa muda wa miezi miwili. Oili nzito huficha ubovu wa beringi lakini haiziponyi, tena asubuhi za baridi huchelewa kufika penye kazi.

NAMBA ZA OILI, NA FILTA

Juu ya kopo la oili utaona namba kama 15W-40 au 20W-50. Namba iliyo kabla ya herufi W yahusu wepesi wa oili wakati wa baridi. Ile ya mwisho yahusu uzito wake injini ikiwa na moto. Injini iliyoandikiwa 15W-40 ikitiwa 5W-20 kwa sababu tu duka halikuwa na nyingine, taa yaweza kuwaka penye joto la pwani pasipo ubovu wo wote. Gari la dizeli na litiwe oili iliyoandikwa kwamba ni ya dizeli. Nunua kopo ambalo kizibo chake hakijafunguliwa.

Filta ikiziba, injini nyingi zina njia ya pembeni inayoiachia oili ipite bila kuchujwa. Kwa hiyo filta iliyoziba mara nyingi haiwashi taa. Yenyewe hupeleka uchafu kimya kimya mpaka kwenye beringi, na hilo ni baya zaidi. Ibadilishe kila ubadilishapo oili. Unapoitoa ya zamani, hakikisha kwamba mpira wake umetoka nayo. Ukibaki umeshikamana na injini, na filta mpya ikakazwa juu yake, mipira miwili haitashika, na oili yote yaweza kumwagika njiani katika muda mfupi sana. Mpira mpya upakwe oili kidogo. Kaza kwa mkono mpaka uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko, au kama ilivyoandikwa juu ya filta yenyewe.

Baada ya kubadili oili, taa hukawia sekunde kadhaa kabla ya kuzima, maana filta tupu hujazwa kwanza. Usikanyage mafuta mpaka izime. Lakini ikiwa kila asubuhi taa hukawia hivyo, huenda filta uliyouziwa haina vali ya kuzuia oili isirudi chini usiku.

UKINUNUA GARI KUUKUU

Fungua ufunguo kabla ya kuwasha injini, na uitafute taa ya oili. Yapasa iwake. Isipowaka, ama imeungua, ama mtu ameukata waya ili usiione. Na muuzaji wa namna hiyo ana sababu. Kisha omba gari liwashwe likiwa baridi, liendeshwe hata lipate moto, na uitazame taa likinguruma polepole. Muuzaji akikutana nawe na injini iliyokwisha kupata moto, rudi siku nyingine asubuhi.

Matrekta mengi ya zamani, kama Ferguson TE20 zilizoundwa Uingereza kati ya mwaka 1946 na 1956, yana saa ya oili badala ya taa. Kwangu mimi saa ni bora, kwa kuwa humwonyesha mwenyewe nguvu inavyopungua mwezi hata mwezi. Mwenye gari la taa aweza kupata faida hiyo hiyo akipima kwa saa ya fundi kila abadilishapo oili mara ya pili au ya tatu, na kuandika hesabu hiyo daftarini pamoja na tarehe na kilomita. Ikishuka kutoka 45 hadi 30 katika mwaka mmoja, ataanza kuweka akiba ya beringi wakati mazao yangali shambani.

Oili chafu iliyotolewa isimwagwe mferejini wala karibu na kisima, wala isipakwe ng’ombe kwa ajili ya kupe au vidonda, kama wafanyavyo wengine. Ina masizi na vumbi la madini yaliyolika ndani ya injini, na mnyama huilamba. Itieni katika dumu lenye kifuniko, lenye alama, na kumpelekea mwenye gereji anayekusanya.